Tuta Walilolipenda Wageni

Wageni wa Khoat wanamjua kwa mgongo. Kwa miaka sita sasa yeye ndiye anayetangulia, wao wanafuata nyuma kwenye zile pikipiki za matairi manne ambazo sisi wa Dong Xa tunaziita kaa, kwa jinsi zinavyotambaa kwenye kingo za majaruba na kuacha matope yamevurugika. Asubuhi saa mbili anawapanga uani kwa tajiri, anawavisha kofia ngumu, anawafundisha. "Kidole gumba ndicho mafuta," anawaambia kwa lugha yao. "Ukiogopa, kiachie." Kisha wanaondoka, kaa sita au saba, kupita mpungani, kuvuka kijito, kuzunguka mlima wa mawe, na saa sita mchana wanafika kwangu kula mbuzi na ukoko wa kukaanga.

Mimi ni Mien, binti wa mama yake mkubwa. Nimemzidi miaka tisa na nimeshampiga makofi alipokuwa mdogo, kwa hiyo nina haki ya kumwandika. Nina mdomo pia. Waulize watu wa hapa, watakwambia Mien akijua jambo saa moja, saa mbili nyati wote wameshalijua. Zamani nilikuwa nacheka nikisikia hivyo.

Khoat alizaliwa mwaka wa farasi, mwaka ambao mpunga uliliwa na mafuriko. Mama yake alishikwa na homa siku ya tatu, maziwa yakakata. Ng'ambo ya uzio aliishi Bi Tham, mke wa mzee Nghiem, ambaye mwanawe Luyen alikuwa na miezi minne. Bi Tham hakuombwa. Alikuja akamchukua mtoto, akamweka titi la kushoto, Luyen akabaki na la kulia, na akawanyonyesha hivyo mwaka mzima huku yeye mwenyewe akila mihogo. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Khoat alipojua kusema alimwita Bi Tham mama, na mzee Nghiem baba, na hakuna aliyeona ajabu.

Alichunga nyati wa kulimia mpaka akatimiza miaka kumi na tano. Akaenda Hanoi kubeba matofali, akarudi na goti bovu na mke mzuri. Akafanya kazi kwenye nyumba ya wageni mjini, akiosha vyombo na kusikiliza, na kwa kusikiliza tu akaokota lugha za watu. Tajiri aliponunua kaa zake, alitafuta mtu anayejua kila ukingo wa jaruba na anayeweza kuzungumza na mgeni bila kutetemeka. Huyo alikuwa Khoat peke yake. Hajui kununa, na simu ya mgeni ikimwelekea tu, meno yote yako nje.

Bi Tham alipofariki, Khoat alivaa kitambaa cheupe kichwani kama mtoto wa kumzaa, akatembea nyuma ya jeneza akilia mpaka watu wakalazimika kumshika. Mazishi yakaisha, na yeye akamalizana nayo. Nasema kweli hata kama atasoma. Mzee Nghiem alibaki peke yake na kuku wake, Luyen akiwa kusini akichomelea vyuma, na Khoat, ambaye nyumba yake iko mwendo wa kumaliza sigara moja, alikuwa akifika kwa mzee sikukuu ya mwaka mpya, anakaa kidogo, anaondoka. Kazi, alikuwa anasema. Wageni. Goti.

Kwetu mtu huzikwa mara mbili. Kwanza anazikwa shambani, kwenye tuta la udongo lisilo na jina. Miaka mitatu ikitimia, majira ya baridi, kabla hakujakucha, jamaa wanafukua, wanaosha mifupa kwa maji yenye manukato, wanaipanga kwenye sanduku dogo la udongo wa kuchoma, na kwenda kuizika kwenye kaburi lake la kudumu. Mpaka hapo mtoto anakuwa hajamaliza deni lake. Bi Tham alizikwa kwenye kile kishoroba cha nchi kavu mbele ya nyumba yao, hatua kama arobaini toka kwenye uzio. Wengine waliowahi kulala pale walikuwa wamekwisha kuhamishwa.

Luyen alikuja mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amepata mkataba wa Korea, miaka mitatu bila kurudi, na alitaka kumhamisha mama yake kabla hajaondoka. Walifanya kimya kimya, Luyen na mzee na wachimbaji wawili waliokodiwa kata nyingine. Khoat hakuitwa. Bi Tham alikuwa wa mwaka wa panya, na panya na farasi hawapatani. Mwenye mwaka usiopatana na wa marehemu hasogei pale kaburi linapofunguliwa. Luyen wa mwaka wa nyoka alikuwa salama. Khoat aliyajua hayo yote, na bado yalimuuma.

Kesho yake alikuja jikoni kwangu.

"Dada Mien, walimhamisha mama?"

"Walimhamisha," nikasema.

"Umeona?"

Nilichokuwa nimekiona ni hiki: niliamka kuchochea moto, nikachungulia, nikaona taa, nikaona watu wanne wanatoka na sanduku lililofunikwa kitambaa chekundu. Basi. Nikarudi kwenye sufuria yangu. Lakini yeye alikuwa amesimama pale na macho ya mtoto aliyefungiwa mlango, nami nikamhurumia, na huruma yangu ikapitia mdomoni.

"Nimeona kwa macho yangu. Mifupa ilikuwa ya manjano, mizuri, kama bizari. Mama yako amepumzika vizuri."

Mifupa ya manjano ni baraka kwa ukoo mzima. Akakaa kwenye kigoda, akafuta macho, akala bakuli mbili za uji. Alipopita kwa mzee kumpa pole na hongera, mzee alimwambia, "Salama, mwanangu." Mtu ukimuuliza habari kwetu atakwambia salama hata nyumba ikiwa inaungua.

Mwezi wa pili njia ya kaa ikabadilishwa, maana ukingo wa zamani ulibomoka. Khoat akapitisha msafara kwenye kile kishoroba. Lile tuta lilikuwa bado pale, limerundikwa upya, halina nyasi, limeinuka upande mmoja na kuteremka ghafla upande wa pili. Mgeni wa kwanza alilipanda kwa bahati mbaya. Kaa yake ikaruka, ikatua kwenye maji, matope yakamfunika hadi masikioni, na akapiga ukelele wa furaha uliosikika kwangu. Wenzake wote wakataka. Khoat alisita kidogo. Aliniambia mwenyewe kwamba alisita. Kisha akajiambia shimo ni tupu, udongo ni udongo. Ndani ya wiki mbili wageni walikuwa wanalitaja tuta kabla hawajatoka uani. Walikuwa wameshaliona kwenye picha za wenzao.

Mzee Nghiem alikuwa anaketi barazani akitazama. Mara moja alikuja mpaka kwenye uzio. Khoat alinisimulia siku hiyohiyo, akicheka.

"Ile njia ya mtoni," mzee alimuuliza, "siyo nzuri?"

"Nzuri, baba, lakini wageni wanapenda hapa."

"Mtoni kuna kivuli."

"Wazungu hawa wanalitafuta jua, baba. Kivuli wanacho kwao."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi barazani. Mtu mzima wetu akishakwambia jambo kwa upande, hakwambii tena. Ni juu yako kusikia. Khoat, mwenye masikio ya lugha nne, hakusikia.

Tuta likawa linamomonyoka. Kaa saba kila siku si mchezo. Lakini kila asubuhi Khoat alilikuta limesimama tena, limepigwapigwa kwa jembe, pembeni limeshindiliwa. Alishangaa, mpaka jioni moja akamwona mzee Nghiem ameinama, suruali imekunjwa magotini, anarudisha udongo. Basi Khoat akaingiwa na furaha. Alidhani mzee anamsaidia kazi.

"Baba, usijichoshe. Nitaleta vijana."

"Udongo umemwagika. Naurudisha."

"Bila wewe tuta hili lingeshakwisha."

"Ndiyo," mzee akasema. "Lingekwisha."

Kuanzia hapo Khoat akaona lazima amshukuru. Kila Jumamosi aliniambia nifunge chakula cha mzee, nyama laini kwa sababu ya meno, nami nikawa namfuata kwa baiskeli mpaka kwenye uzio. Yeye anawaacha wageni wapumzike, anaketi na mzee barazani, wanakunywa chai ya majani mabichi, anamsimulia vituko. Mzee anakula. "Baba ndiye fundi wa tuta," Khoat aliwaambia wageni, nao wakampungia mzee mkono, wengine wakampiga picha na jembe lake. Nimewaona kwa macho yangu, na safari hii siongezi chumvi.

Ikaja siku ya kusafisha makaburi. Kule juu, kwenye makaburi ya kudumu, Luyen alikuwa ameshajenga kaburi la mama yake, vigae vyeupe, jina, picha. Khoat alikwenda alfajiri na mkewe. Alifagia, akawasha vijiti vya udi, akapiga magoti, akamweleza mama habari zote: mtoto wa pili amefaulu, goti linauma, wageni ni wengi. Alilia kidogo. Saa nane mchana wa siku ileile alikuwa akiwapigia makofi wageni, mmoja baada ya mwingine, wakiruka tuta.

Mwezi wa nane ikanyesha siku tano. Jumamosi mvua ilipokatika, msafara ulitoka, na mimi nikafuata na chakula. Mgeni wa tatu, jitu lenye ndevu nyekundu, hakuruka. Tairi la mbele lilizama tutani, likakwama. Khoat akashuka na kuchimbua kwa mikono. Tairi lilipotoka lilitoka na kipande cha ubao uliopakwa rangi nyekundu.

"Ni nini hicho?" mgeni akauliza.

Khoat aliutambua ubao wa jeneza. Hakushtuka. Sanduku la mifupa likishaondoka, mbao huachwa shimoni zioze. Ni jambo la kawaida.

"Mtumbwi wa zamani," akajibu.

Mgeni akafurahi, akataka picha. Khoat akachuchumaa kando ya ule ubao, akanyanyua kidole gumba, akatabasamu.

Hapo ndipo mzee Nghiem alipotoka. Sijawahi kumwona akikimbia, na sikujua anaweza. Alikuja pekupeku kwenye maji, akavua shati lake, akalitandaza juu ya ubao, kisha akalala juu ya shati kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa mifupa mitupu.

"Baba," Khoat akasema, "ni mbao tu hizo. Inuka. Mama hayupo hapa."

"Yupo."

Khoat alibaki amechuchumaa. Tabasamu la picha lilikuwa bado halijamtoka, maskini, halikujua pa kwenda.

"Kaburi la juu ni tupu," mzee akasema, bado amelala. "Luyen aliharakisha. Miaka mitatu ilikuwa haijatimia, nami nilimwambia, akasema tikiti imeshakatwa. Tukafungua. Mama yenu alikuwa bado. Alikuwa bado kabisa, Khoat. Tukamfunika haraka, tukaapa tusiseme. Sanduku tulilirudisha chini ya mabua."

Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Maiti ikifunguliwa kabla ya wakati wake, watu husema watoto walikuwa na haraka ya kumaliza deni, au husema marehemu ana kinyongo na hataki kuondoka. Siri ya maiti aijuaye mwosha. Mzee aliificha ili kijiji kisimtafune mwanawe aliye mbali. Na kumbe hofu yake ilikuwa nani? Ilikuwa mimi. Watu wenye midomo kama yangu ndio waliomfunga yeye mdomo.

Mgeni mmoja wa nyuma akainua simu. Nikaacha baiskeli ianguke matopeni, nikasimama mbele yake, mimi na kilo zangu arobaini na tano, mpaka akairudisha mfukoni.

Khoat alizima kaa moja baada ya nyingine. Kisha akaenda kupiga magoti kwenye maji, upande wa miguu ya mzee.

"Nipige, baba."

"Nikupige ili iweje?"

"Miezi saba nimempitishia watu juu. Kila siku. Nimewapigia makofi."

"Nimeona."

Mzee akaketi. Akalivuta shati vizuri juu ya ubao, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Nani alikwambia tumemhamisha?" akauliza.

Khoat aliinua macho, akanitazama moja kwa moja, nikiwa nimeshika bakuli la mbuzi kifuani. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Ulimi hauna mfupa, hugeuka popote, lakini siku hiyo niliutafuta wangu na sikuupata.

"Hakuna," Khoat akasema. "Nilidhani mwenyewe."

Mzee akatikisa kichwa. Khoat akaanza kulia, siyo kama msibani, kwa sauti, bali kwa kukoroma, kwa shida.

"Mbona hukuniambia, baba? Ungeniambia siku ya kwanza. Mimi si wa nje. Ningeitunza siri. Ningelala hapa nikimlinda. Mbona ulikuwa unaniangalia tu?"

Mzee Nghiem alichota udongo kwa kiganja, akauweka palipobomoka, akaupapasa.

"Nilikuwa nakuja kukwambia," akasema. "Jumamosi ya kwanza ulipoleta chakula, nilikuwa nimeshajipanga. Ukaketi. Ukanimiminia chai. Ukaniita baba. Nikasema, wacha ale kwanza. Jumamosi ya pili nikasema, wacha nimsikilize hadithi yake kwanza." Akapapasa tena. "Toka mama yenu aondoke, hakuna aliyekuwa anaketi pale barazani. Nikikwambia, utahamisha njia. Ukihamisha njia, hutapita tena kwangu. Nikasema nitaurudisha udongo jioni, yeye atanielewa, alikuwa anakupenda. Kwa hiyo aibu hii usiibebe peke yako. Mimi nilimuuza mke wangu kwa kikombe cha chai."

Khoat aliinamisha uso mpaka paji likagusa maji. Nilipoona wageni wanaanza kuogopa, niliwaongoza mwenyewe kwa miguu hadi kwangu, wakala, wakiamini wameshuhudia ugomvi wa mashamba. Yule mwenye ndevu aliifuta picha ya Khoat kwenye simu yake mbele yangu bila kuambiwa, na kwa hilo namshukuru.

Jioni Khoat na mzee walilijenga upya lile tuta, wakapanda nyasi juu, wakazungushia mianzi. Mwezi wa kumi na moja miaka mitatu itakuwa imetimia. Wachimbaji wameshakodiwa. Luyen yuko Korea, na fimbo ya mbali haiui nyoka; Khoat naye bado ni wa mwaka wa farasi na hatasogea. Mzee atakuwa peke yake na watu wa kukodi.

Njia ya kaa sasa inapita mtoni, kwenye kivuli. Wageni wananung'unika kwamba hakuna pa kuruka, na Khoat anawaambia tuta limeliwa na mvua. Kwa mzee Nghiem hapiti. Nimemsema, nimemtukana, nimemnyima ukoko. Anainamisha kichwa, anasema, "Dada, nikiuona uso wake nasikia yale makofi niliyowapigia wageni. Nitakwenda. Sijui nitakwenda na uso gani, lakini nitakwenda." Ni wiki ya saba leo.

Chakula cha Jumamosi bado anaagiza, nami nakipeleka. Mzee hunipokea kwenye uzio, na macho yake hupita begani mwangu kutazama njia. Jumamosi iliyopita alikuwa ameshatandika mkeka barazani na kupanga vikombe viwili.

"Mien," akaniuliza, "wageni wamepungua siku hizi?"

Siku ile nilipotoka kwenye matope niliapa sitaongeza neno la uongo tena maishani mwangu. Jana yake tu Khoat alikuwa na kaa nane, na tajiri alikuwa ameagiza nyingine tatu.

"Wamepungua sana, mjomba," nikasema. "Hakuna kabisa."